Nilichumbiwa Divizio ya Kwanza

Nilichumbiwa timu yetu ikiwa divizio ya kwanza, nikangoja kuolewa ikiwa divizio ya pili. Watu wa Kalemie wa umri wangu wakisikia hivyo hawaulizi kitu. Wengine wote inabidi niwaeleze.

Papa alikuwa na mapenzi mawili duniani, mitumbwi yake na timu ya mtaa wetu. Mitumbwi aliifunga miwili miwili, wavu katikati, taa ya karabai mbele, na kila usiku wa giza iliingia ziwani kuvua ndagala, dagaa wadogo wa ziwa letu. Timu alikuwa prezida wake. Jumapili alivaa abakosti yake, ile suti isiyo na tai, ya kahawia, akaketi kwenye kiti alichobebewa kutoka nyumbani, na ole wake aliyepita mbele yake mpira ukichezwa. Mchumba wangu alikuwa ndani ya mapenzi yote mawili. Usiku alikaa na taa kwenye mtumbwi wa Papa, Jumapili mchana alikuwa kipa.

Kukaa na taa si kazi ya mchezo. Ndagala hufuata mwanga, na mwenye taa huinama juu ya maji tangu jua kuzama, akiwatazama wanavyokusanyika, wengi, weupe, wanazunguka tu. Yeye ndiye anayesema, "Vuta!" Akisinzia yeye, mtumbwi mzima umekesha bure. Kwa hiyo hasinzii. Anasinzia kesho yake.

Na kesho yake moja ilikuwa mechi ya mwisho ya msimu niliochumbiwa. Tulihitaji sare tu ili tubaki juu. Jua lilikuwa kali, mpira ulikuwa mbali upande wa wenzetu, na mchumba wangu aliegemea mti wa goli, kichwa kimeinama kidogo, kama mtu anayewaza. Mimi nilikuwa nyuma ya kamba pamoja na wanawake wengine. Nilimwona anawaza, nikafurahi moyoni, nikadhani ananiwaza mimi. Kumbe alikuwa amelala fofofo. Mpira ulipigwa kutoka katikati ya uwanja, ukaja ukidunda taratibu, ukampita bila haraka yoyote, ukaingia. Kilichomwamsha ni kelele zetu.

Filimbi ya mwisho ilipolia, Papa aliinuka kwenye kiti chake akavuka mstari wa chokaa. Uwanja wote uligeuka kumsikiliza.

"Weye njo umeshusha timu," alimwambia mchumba wangu, akimnyooshea kidole. "Weye njo utaipandisha. Siku itapanda, njo siku utaoa mutoto wangu. Mbele ya hapo, hapana!"

Watu wakapiga makofi. Hata wazee wa upande wa mchumba wangu, waliokwisha kula na kunywa kwetu siku ya kuleta mahari, nao walipiga makofi. Maji yakimwagika hayazoleki, na Papa hakuwa mtu wa kuinama kuyazoa.

Hivyo nikaingia divizio ya pili.

Nikiukumbuka msimu ule leo, naukumbuka kama usingizi wa mchana, ule ambao unasikia sauti za watu lakini huwezi kuzijibu. Uwanja wa divizio ya pili ulikuwa nyuma ya gereji za reli. Haukuwa na ukuta wala nyasi za kutosha, na mbuzi walikuwa na haki ya kupita. Treni ya Kabalo ilipopiga king'ora chake, wachezaji wageni walisimama wakidhani ni mwamuzi, na wetu, waliokwisha kuzoea, waliendelea kukimbia. Tulifunga magoli mengine kwa njia hiyo. Upepo ulitoka ziwani ukiwa na harufu ya samaki wabichi, ukainua vumbi jekundu, na ndani ya vumbi lile nilimtafuta mtu mmoja mwenye jezi ya kijani.

Sikuruhusiwa kumsalimia. Siku ya mechi mchezaji hakugusa mkono wa mwanamke, ilikuwa sharti la dawa ya uganga ya timu. Nilimtazama tu. Yeye alinyoosha glovu zake mara mbili badala ya mara moja, na hiyo ndiyo ilikuwa salamu yangu ya Jumapili.

Siku nyingine za wiki nilikuwa mchangani na Mama, tunaanika ndagala. Ni kazi nzuri kwa mtu mwenye ndoto. Unatandaza kwa kiganja, taratibu, wasilaliane, unageuza, unafukuza kunguru, mchanga unaanza kung'aa kama bati jipya, na mawazo yako yameshaondoka zamani. Nilikwisha kujenga nyumba yangu, nikapanga viti, nikazaa, nikagombana na mume wangu na kupatana naye, vyote kabla ya ndagala kukauka upande mmoja. Mama aliniita, sikusikia. Alinirushia ndala, nikasikia.

Katika ndoto hizo hizo ndipo nilipoanza kuuona mwezi.

Timu yetu ilikuwa na ugonjwa wa ajabu. Ilishinda, ikashinda tena, halafu ghafla ilipigwa na watu ambao hata viatu hawakuwa navyo. Wanaume walijua sababu: dawa ilikuwa imelala. Walimwendea mzee mmoja wa dawa aliyetoka milima ya Kirungu, wakampelekea mbuzi, naye akaiamsha. Siku chache baadaye timu ilishinda. Wakamsifu. Kisha dawa ikalala tena, mbuzi mwingine akapanda njia ile ile. Waliingia uwanjani kinyumenyume. Waliosha nyuso kwa maji ya ziwa yaliyochotwa kabla mtu yeyote hajakanyaga ufuko. Padiri aliwakemea Jumapili asubuhi, wakaitikia amina, mchana wakaingia kinyumenyume.

Sisi tuliokuwa mchangani tuliona jambo jingine. Mwezi ukiwa mkubwa, maji yote yana mwanga, ndagala hutawanyika na taa haina kazi. Mitumbwi hupumzika, watu hulala, na timu hushinda. Giza likirudi, mitumbwi huingia ziwani. Nusu ya timu ilikuwa watu wa mitumbwi. Jumapili ya giza walisimama uwanjani kama nguo zilizoachwa kwenye kamba.

"Mama," nilisema siku moja, "ndagala zikijaa hapa, na wavu wa goli unajaa."

Mama hakuinua kichwa. "Ulikuwa wapi siku zote? Endelea kugeuza."

Mchumba wangu mwenyewe alijua. Alinieleza kwamba Jumapili za giza mpira humjia umezungukwa na mwanga, ikiwa miwili, na inambidi achague mmoja.

"Na jana?" nilimuuliza, kwa sababu jana yake alikuwa amefungwa mara nne.

"Jana nilidaka ule mwingine."

Nilicheka mpaka nikalia, na sijui ni wapi kicheko kiliishia. Nilimwambia amweleze Papa. Alitazama viatu vyake. Mwenye mtumbwi ni Papa, alisema, mwenye taa ni Papa, na mwenye binti ni Papa, yeye atamweleza nini? Basi Mama akajaribu. Papa alikuwa anashona wavu uani. Mama alimwambia kwamba vijana wanahitaji usingizi, si mbuzi. Sindano ya Papa ilisimama kidogo, kisha ikaendelea.

"Mambo ya mupira ni ya wanaume," alisema.

Mwezi ulikua, ukapungua, ukakua, nasi tukapanda na kushuka nao, mpaka tukafika mechi ya mwisho tukiwa wa pili. Wa kwanza walikuwa vijana wa Kabimba, wale wa kiwanda cha chokaa, waliokuja kwa boti na nywele nyeupe za vumbi la kazi yao. Sisi na wao tulikuwa karibu sana: tukiwafunga tunapanda, tukitoka sare wanapanda wao. Nilipanda kilimani kwa shangazi yangu aliyekuwa na kalenda ya misheni, ile yenye maduara ya mwezi, nikatafuta Jumapili hiyo. Duara lake lilikuwa jeusi tititi. Nilirudi nyumbani nikihesabu miaka. Nilijiona nikianika ndagala nikiwa bibi kizee, mchumba wangu naye mzee, ameegemea mti wa goli, amelala.

Wiki ile ndagala walikuwa wengi ajabu. Mitaa yote iliimba. Jumamosi jioni nilishuka ufukoni na kopo la maji ya kunywa, kama kawaida, na nikakuta jirani zetu wanasukuma mitumbwi yao majini huku wakitaniana. Ya kwetu ilikuwa juu, mchangani. Papa alikuwa ameketi kwenye ncha ya mmoja, karabai magotini, haijawashwa. Mchumba wangu alisimama mbele yake amevaa koti lake la baridi.

"Enda kulala," Papa alimwambia.

"Papa, giza iko nzuri leo."

"Niko na macho. Enda kulala. Waambie na wengine."

Mchumba wangu alinitazama, akaondoka haraka, labda akiogopa Papa asije akabadili mawazo. Nikampa Papa maji. Alikunywa, akanirudishia kopo. Mbali majini taa za kwanza zilikuwa zinawaka, moja, kisha nyingine, mpaka ziwa likawa na mtaa wake lenyewe.

"Papa, si ulisema ni dawa?"

Alicheka puani. "Miye nilizaliwa kwa hii maji. Unafikiri sijue kama muntu mwenye hajalala hawezi kudaka mupira?"

"Sasa mbona ulikuwa unamutuma?"

Alitazama upande wa stesheni. Dada yangu mkubwa alikuwa ameolewa Kabalo, tukampeleka stesheni, treni ikapiga king'ora, basi. Wa pili aliolewa Kirungu, kule kwenye baridi na vilima, ambako habari zake zilitufikia zikiwa zimeshazeeka.

"Wakubwa wako niliwatoa mbio mbio," Papa alisema. "Nyumba ikabakia na sauti yako tu. Nikasema, hawa wakishindwa-shindwa, utakaa kidogo." Alifuta kioo cha karabai kwa mkono wa shati, ingawa kilikuwa safi. "Sasa umekaa. Na miye naona unakonda."

Nilikasirika sana. Msimu mzima nilikuwa nimezilaumu dawa, mwezi, na kichwa cha mchumba wangu, na kumbe aliyekuwa ameshika kamba ni huyu mzee aliyeketi hapa. Nilitaka kusema neno la kumuumiza. Nikaona jinsi alivyoishika ile taa, kwa mikono yote miwili. Nikaketi kando yake. Tulikaa hivyo tukitazama watu wengine wakivua samaki wetu.

Mechi yenyewe naikumbuka kimya, ingawa watu wanasema kelele zilifika bandarini. Vijana wa Kabimba walikimbia kila mahali. Wetu, waliokuwa wamelala usiku mzima kwa mara ya kwanza katika giza, walionekana wageni ndani ya jezi zao wenyewe. Tulifunga goli moja kwa kichwa. Karibu na mwisho kijana wa Kabimba alibaki peke yake na kipa wetu, akapiga, na mchumba wangu akaruka, akaukumbatia mpira, akabaki chini nao muda mrefu. Baadaye nilimuuliza ilikuwa mingapi. Akasema mmoja tu, na ulikuwa mdogo kuliko alivyodhani.

Wanaume walimbeba mzee wa dawa mabegani, akapata mbuzi wake wa mwisho. Papa alipiga makofi akiwa ameketi. Niliolewa mwezi ulipokuwa mpana, kama wanavyooa watu wa ziwa, ili wavuvi wote wawepo na wasiwe na haraka. Tulicheza uani bila taa yoyote. Papa alicheza na mimi mara moja, akasema magoti yanamsumbua, akaenda kusimama karibu na wavu wake.

Mume wangu alipata kazi gereji za reli, tukahamia nyumba ndogo huko juu, na huko ndiko mtoto wetu wa kwanza alikozaliwa. Papa hakutafuta mtu mwingine wa taa. Alikaa nayo mwenyewe, na uzee wake wote.

Divizio ya kwanza haina habari na mwezi. Mwaka uliofuata mume wangu alilala vizuri kila usiku, akala, akaenda uwanjani na macho makavu, na walitufunga vilevile, katika giza na katika mwanga, kwa sababu walijua mpira kuliko sisi. Tulishuka mechi zikiwa bado zimebaki. Jioni ile tulisikia hodi. Papa alikuwa mlangoni na abakosti yake ya kahawia, macho mekundu kwa taa.

"Timu imeshuka," alisema. "Sasa munirudishie mutoto wangu."

Mume wangu alicheka, nami nikacheka. Papa hakucheka. Alisimama pale akitutazama mmoja mmoja, mpaka sisi nasi tukaacha.

"Ingia, Papa," nilisema. "Chakula iko tayari."

Aliingia, akanawa, akamega ugali. Ndagala alimtafuna mmoja, polepole, akamwangalia aliyebaki mkononi.

"Hawa hawakukauka muzuri."

"Ni wako, Papa. Mama njo alinitumia."

Aliitikia kwa kichwa, kwamba anajua. "Mama yako anaanika peke yake siku hizi," alisema. "Jioni inamukuta hajageuza."

Kisha akaomba ugali mwingine, akala, akamsimulia mume wangu goli letu la kichwa dhidi ya Kabimba, lote, tangu mpira ulipotoka kwa kipa. Tulimsindikiza mpaka reli. Ilikuwa wiki ya giza. Asubuhi nilimfunga mtoto mgongoni, nikashuka ufukoni kabla ya jua, nikamkuta Mama ameshaanza upande mmoja, nami nikaanza upande wa pili.