Yai la Kuchuchumalia

Enzi zetu Butiama magoti yalikuwaga na adabu. Tulichuchumaa kuosha vyombo, kusaga mtama, na zaidi ya yote kukamua, kibuyu kimebanwa mapajani, povu linanukia moshi. Ng'ombe wetu hakupenda mkamuaji wa mashaka. Ukiyumba tu, teke, na jioni nyumba nzima mnameza ugali mkavu.

Mama alitufundisha kwa yai. Analiweka chini, unashuka mpaka makalio yaliguse, halafu unainuka bila kulivunja. "Visigino chini! Goti lifuate vidole! Mgongo huo wa fisi umeutoa wapi?"

Nilipokuwa na miaka kama tisa, shangazi wa Bunda akataka msichana wa kumlelea mtoto. Mama akasema atakayevunja yai ndiye aende, maana mkamuaji hatolewi nyumbani. Tulikuwa wawili, mimi na dada Wegesa, na Wegesa alichuchumaa hata chura akimwona anaona aibu. Mimi Bunda sikutaka. Nikaenda kwa kuku aliyeatamia, siku zake zimetimia, nikamchukulia dada yai kule.

Nikashuka, nikainuka, salama. Akashuka Wegesa, taratibu, goti juu ya vidole. Makalio yakagusa. Yai likalia, "Piyo!"

Dada akapinduka ubavu, kisigino kikapiga ganda, kifaranga kikatoka kimelowa. Mama akakitazama, akamtazama Wegesa. "Kuvunja ni kuvunja. Funga nguo zako."

Siku hizi mjukuu wangu anayekaa Manyamanyama anachuchumaa mbele ya kioo, chuma cha mazoezi begani, simu inampiga picha. Visigino vinaelea, magoti yanagusana kama wasengenyaji. Alipokuja likizo nikamchapa visigino na mwiko.

"Bibi, mimi nina mwalimu!"

"Mwambie akufundishe kuinuka. Kuanguka unajua mwenyewe."

Wegesa aliolewa hukohuko Bunda. Sasa anakaa kwenye stuli, hata moto anauchochea kwa fimbo ndefu. Juzi nikampigia simu, nikaungama habari ya yai.

"Mdogo wangu," akasema, "nilipolishika lilikuwa na joto. Nilijua kabla sijashuka."

"Sasa kwa nini ulishuka?"

"Wewe ulikuwaga unalialia. Shangazi angekurudisha kabla ya wiki. Haya, magoti yako?"

"Mazima."

"Basi. Nilishuka vizuri."

Vijana wa leo wanachuchumaa ili waonekane. Sisi tulichuchumaa wawili, bega kwa bega, tukichekeana. Magoti bado ninayo. Wa kuchuchumaa naye ndiye sina.