Jiko Nililomjengea Mama Mkwe

Kijijini kwa wakwe zangu, upande wa Runzewe, wananiita Mama Jiko. Nikishuka tu kwenye bodaboda watoto wanapokezana kulitaja, na wanawake wanatoka uani kunisalimia huku wanafuta mikono kwenye khanga. Naitika. Nacheka nao. Lakini jina lile linanichoma, na kila nikiitika najisikia mwizi anayeshukuriwa na aliowaibia.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, hilo nalisema wazi kabla sijaanza kujisema vibaya. Nilifundishwa kujenga majiko banifu Geita mjini, kule Kalangalala ninakoishi, na mradi mmoja uliokuwa unazunguka kwenye kata. Unachukua udongo wa kichuguu, samadi ya ng'ombe na nyasi zilizokatwakatwa, unakanyaga kwa miguu mpaka unashika, unauacha ulale siku kadhaa, halafu unafinyanga jiko la matundu mawili lenye bomba la kutolea moshi nje. Vijiti vichache vinaivisha ugali na mboga kwa pamoja, wakati mafiga yangekula nusu ya mzigo. Na kuni kule zimekuwa tabu. Miti ya karibu ilikwisha siku nyingi. Mingine ilichomwa mkaa, mingine wachimbaji wa dhahabu waliikata wakaishusha mashimoni kuwa matimba, yale magogo ya kuzuia kuta zisiporomoke. Mama mkwe wangu alikuwa anatoka alfajiri kufuata kuni, anarudi jua liko utosini, na shingo haigeuki.

Jikoni mwake mlikuwa na mafiga matatu aliyowekewa na mama mkwe wake yeye, mwaka alioolewa. Moshi wake, we acha tu. Mgeni alikuwa anaingia ameinama na kutoka anapapasa ukuta. Mama macho yalikuwa mekundu mwaka mzima, na usiku tulimsikia akikohoa mpaka tunahesabu. Baba mkwe alipofariki, mama hakulia mbele za watu. Alikuwa analia jikoni, na ukimuuliza anakwambia ni moshi. Tukamwachia moshi wake, maana kila mtu ana pa kulilia.

Juu ya mafiga kulikuwa na uchaga wa miti, mweusi tii kwa masizi. Hapo ndipo yaliponing'inia mahindi yake ya mbegu, yamefungwa mafungu mafungu kwa maganda yake yenyewe. Mahindi mafupi, punje nyeupe na nyekundu zimechanganyika, yanayowahi kukomaa kabla jua halijakaza. Aliyaita mbegu ya mama, kwa kuwa alikuja nayo kutoka kwao siku alipoletwa kwa mumewe. Kila msimu alikuwepo mwanamke aliyeishiwa mbegu, na kila aliyekuja aliondoka na fungu lake. Mama mkwe hakuwa na ng'ombe wengi, wala mtoto wake hakuwa na gari. Heshima yake pale kijijini ilikuwa hiyo, ya kutoa mbegu.

Basi mimi nikachagua jiko la mfano lijengwe kwake. Wakaja wanawake kumi na wanne wa kikundi nilichokuwa nafundisha pale kijijini, tukakanyaga udongo tunaimba, tukafinyanga, na siku ya kuwasha moto nikasimama kueleza. Nilijua kueleza, mdomo ninao. Nilipomaliza, mama akainua mkono kama mwanafunzi.

"Mwanangu, moshi ukitoka wote nje, mbegu yangu nani ataitunza?"

Ningeweza kumuuliza ana maana gani. Ningeweza kunyamaza nikafikiri. Lakini wanawake walikuwa wananitazama, na mimi nilikuwa na jibu tamu mdomoni.

"Mama, mbegu zimejaa dukani," nikasema. "Macho hayauzwi dukani."

Walicheka, wengine wakapiga makofi. Nilijiona nina akili nyingi siku ile. Mama naye akacheka kidogo, akashusha mkono. Hakutaka kubishana na mkwe wake mbele za watu akaniaibisha. Yeye aliniheshimu kuliko nilivyomheshimu, na mimi nikadhani ameelewa.

Na bado angeweza kujiokoa. Jioni aliniita pembeni akaniomba tuyaache mafiga kwenye kona, awe anawasha moto siku mojamoja tu. Nikamwambia sawa, mama. Nilisema sawa, nikijua sitafanya. Wageni wa mradi walikuwa wanakuja wiki ile kulitazama jiko la mfano, na niliona mafiga yatanivunjia sifa. Jumapili alipokwenda kanisani nikayavingirisha nje mwenyewe, moja baada ya jingine. Moja lipo bafuni mpaka leo, watu wanasugulia visigino. Mama aliporudi alisimama mlangoni, akatazama pale yalipokuwa, halafu akaniuliza kama nimekula.

Wageni walikuja, wakapiga picha, wakanisifu. Kichwa kikavimba. Kufika mavuno, nyumba zote za kikundi zilikuwa na jiko langu, bomba limetokeza ukutani, na wanawake waliokuwa wanatafutana alfajiri kwenda kuni sasa walikwenda mara moja kwa wiki. Mama kikohozi kilimtoka. Macho yakawa meupe, akaanza kuchambua mchele mwenyewe bila kuomba mtoto amsaidie. Alivuna, akafunga mahindi yake ya mbegu, akayapandisha uchagani kama kila mwaka. Hakuwa na pengine pa kuyaweka.

Mwezi wa kumi na moja nilikwenda kumsalimia. Usiku wa kwanza mvua ikanyesha, ile ya kufungulia msimu, na asubuhi mama akachukua kigoda akapanda kuteremsha mbegu. Nilikuwa nimesimama chini kumpokea. Fungu likashuka mikononi mwangu jepesi mno, na likamwaga unga. Unga ule ulimwangukia mama kwenye kitambaa cha kichwa na mabegani, ukanijaa mimi viganjani, na ndani yake walikuwa wanatembea dumuzi, wadudu weusi wadogo kuliko punje ya mtama. Tukateremsha la pili, la tatu, mpaka la mwisho. Magunzi yalikuwa na matundu matupu. Moshi wa miaka yote ile ndio uliokuwa unawafukuza, na kila mwanamke mzima pale alilijua hilo tangu utoto. Mimi mwenye cheti sikulijua.

Nilitamani anitukane. Alichukua ufagio akafagia.

"Si neno," akasema. "Wenzangu wote nimewapa. Nenda kaniombee kopo moja tu."

Nikachukua kopo. Mtu aliyetoa mbegu miaka yote, leo ananituma kumwombea, na hata kumwambia hapana sikuweza.

Nyumba ya kwanza mwenyewe alinipokea kwa furaha. "Mwangaluka, Mama Jiko," akanisalimia, akanivuta mkono mpaka jikoni nikaone alivyolisiriba jiko lake kwa udongo mweupe. Lilipendeza kweli. Nikainua macho. Kwenye uchaga mafungu yalikuwa yananing'inia, na chini yake, juu ya jiko safi, kulikuwa na unga mwembamba ambao alikuwa hajaufuta. Nikamwomba ateremshe fungu moja. Aliteremsha, akalitikisa, akakaa chini.

Nyumba ya pili mama mwenye nyumba alikwisha kujua. Alifunga mlango kabla ya kusema. "Nilidhani ni mimi peke yangu," akaniambia. "Nilikuwa naona haya. Nikasema nitakwenda kwa mama mkwe wako, yeye hakosi."

Nyumba ya tatu sikuomba kitu. Nilisalimia, nikaingia jikoni kama nakagua jiko, nikatazama juu, nikaaga. Ya nne hivyo hivyo. Ya tano niliishia uani, nilipoliona bomba. Kila aliyewahi kupewa mbegu ile alikuwa kwenye kikundi changu, na hakuna aliyebaki na mafiga, kwa sababu nilikuwa mwalimu mzuri. Ningekuwa mvivu, ningekuwa naboa watu, mbegu ingepona kwenye nyumba mbili tatu. Wanasema mchuma janga hula na wa kwao. Mimi nililichuma, lakini kulila waliachiwa wa kwangu. Mimi nilikuwa na nauli ya kurudi Geita.

Nilikaa kwenye jiwe njiani natafuta maneno. Ukweli ulikuwa mfupi: mama, imekwisha, haipo popote, na aliyeimaliza ni mimi. Nilijisemea hivyo mara nyingi, ikawa inatoka vizuri kabisa. Nilipofika nikapiga magoti mbele yake, nikafungua mdomo.

"Mama, wamekwisha kupanda yote," nikasema.

Mvua ilikuwa imenyesha usiku wa jana tu. Mashamba yote niliyopita yalikuwa hayajaguswa na jembe, na yeye alikuwa amekaa pale nje asubuhi nzima anayatazama. Alinitazama na mimi. Nilishindwa kuinua uso.

"Basi kesho ukanunue ya dukani," akasema. "Kama ulivyosema."

Hakulisema kwa kejeli. Ningelipona kama angelisema kwa kejeli. Alilisema kama mtu anayekumbuka kwamba mwalimu alishafundisha, na yeye hakushika somo.

Akaingia jikoni kunipikia, maana nilikuwa mgeni na sikuwa nimekula. Nikamfuata nimsaidie. Alipanga vijiti vyake vitatu, akawasha kiberiti mara moja tu, na moto ukashika. Jiko lilivuta vizuri mno. Moshi wote ulipanda bombani kama nilivyofundisha, na mle ndani mlikuwa mweupe, unaona mpaka kona ya mwisho, unaona uchaga mtupu. Mama alikuwa amenipa mgongo. Nikaona anainua ncha ya khanga, anafuta jicho moja, halafu la pili, halafu la kwanza tena.

Akageuka, akanikuta namtazama.

"Ni moshi, mwanangu," akasema.