Bibi, Baba na Nguruwe wa Kwenye Basi

Enzi zetu pale Mjimwema, mkwe alikuwa mkwe kweli. Baba hakumpa bibi mkono, hakukaa naye chumba kimoja, wala hakumtazama usoni. Bibi, mama yake mama, akija kutoka Lupembe na kapu lake la viazi, baba alihamia sebuleni akainamia taipureta yake, naye bibi akabaki nasi jikoni akiota moto. Yote ya kusemwa yalipitia kwangu. "Neema, mwambie baba yako kamwene." Nakimbia. "Mwambie bibi yako kamwene." Narudi. Nilikonda kwa salamu.

Baba alikuwa mwandishi. Kila Jumapili safu yake ya vichekesho ilitoka gazetini, na mji mzima uliisoma. Hata kipande kilichofungiwa maandazi kilisomwa kwanza, andazi baadaye. Watoto wa leo wanagombea chaja. Sisi tuligombea karatasi yenye mafuta.

Jumapili moja mama alikuwa akitusomea jikoni. Baba alikuwa ameandika kuhusu mama mmoja aliyepanda naye basi Makambako, kabeba mtoto wa nguruwe mgongoni kama kichanga. Kondakta akauliza, "Mama, mbona mwanao anakoroma?" Akajibiwa, "Ana mafua. Ukimsogelea atakuambukiza." Tulicheka mpaka viazi vikaungua. Mama alipofika kwenye mbeleko, kitenge cha kijani chenye majogoo, akaliweka gazeti chini. Kitenge hicho yeye mwenyewe alimpa bibi Krismasi.

"Baba Neema," aliita, "umemwandika mkweo."

Baba angemjuaje? Uso hakuwahi kuutazama, na sauti aliyoizoea ilikuwa ya kunong'ona, si ile ya kugombana na kondakta. Kumcheka mkwe mbele ya nchi nzima ilikuwa aibu ya kuitisha kikao cha ukoo. Akaifunika taipureta kwa taulo, akatangaza kwamba kuandika sasa basi.

Wiki haikuisha, bibi akaingia, gazeti kwapani. Wenzake pale wakulima wanapopimia majani ya chai walikuwa wameshamsomea. Akakaa jikoni, akaniita kwa sauti ya kusikika barabarani.

"Neema! Mwambie baba yako amekosea. Nguruwe walikuwa wawili! Mwingine alikuwa kwenye kapu, chini ya kiti cha askari. Aandike upya!"

Sikuhitaji kukimbia. Sebuleni taipureta ilishaanza kulia.

Tangu siku hiyo bibi alisimulia, mimi nikabeba, baba akaandika. Riwaya zake mbili zilipatikana hivyo. Alisoma ukurasa kwa sauti, na bibi akicheka nyuma ya ukuta, ukurasa ulibaki. Bibi akinyamaza, ukurasa uliletwa jikoni kuwashia moto.

Siku tuliyomzika bibi, baba alinivuta kando, macho mekundu. "Neema," akasema, "hebu niambie. Akicheka, uso wake ulikuwaje?"

Nikamweleza yote, mpaka mwanya na jicho moja lililofumba kabla ya jingine. Alisikiliza kwa makini, ameinamisha kichwa vile vile, kana kwamba bibi bado yupo.

Vijana wa siku hizi hawana shida hiyo. Mkwe wangu ananipigia simu ya video nikiwa na kilemba cha kulalia. Ananipiga picha nikitafuna hindi, anairusha kwenye kundi la familia. Uso wangu anaujua mpaka pengo, na ni kijana mzuri, nampenda. Ila nikicheka, hainui kichwa kwenye simu yake.