Programu Iliyopokea Kila Neno

Nakumbuka mwaka wangu wa kwanza wa kazi hapa Sumbawanga, mwanangu, enzi zile kampuni binafsi zilipoanza kutuletea mbegu za mahindi. Nilikuwa nimerudi na cheti changu cha kompyuta, nimevimba kichwa. Kampuni moja ikanipa kazi ya kuandika programu ya kugawa mbegu.

Niliunda darasa, yaani kiolezo cha kumbukumbu za kila mkulima ndani ya programu, nikaliita Mkulima, lenye sifa zake: jina, kijiji, ukubwa wa shamba kwa ekari. Programu ichukue ekari, itoe kilo za mbegu. Kwenye sifa ya shamba nilitarajia namba, ila sikuiambia programu idai namba. Kukagua niliona ni kupoteza muda. Nani asiyejua kuwa ekari ni namba?

Mama Felista wa Kasense, mjane mwenye watoto wanne, alipoulizwa shamba lake alijibu kama wanavyojibu kwao: ntumba mia nne, yale matuta tunayofukia nyasi. Karani aliyekuwa akiandikisha wakulima akaandika vilevile alivyosikia. Programu ikapokea maneno mahali pa namba, ikayahesabu kuwa sifuri, wala haikulalamika. Siku ya kugawa, mvua zimeshaanza, mama yule akaambiwa hana hata kilo moja.

Nikamgombeza karani mbele za watu. Mzee Anselmi, mtunza ghala, akaniita pembeni.

"Binti yangu, mimi mtu akiniletea gunia la mchanga namrudisha hapahapa mlangoni. Mashine yako imepokea, imenyamaza, na anayeumia ni huyu mama."

Nikaingia ghalani kumtafutia mama yule mbegu. Ghala lilikuwa tupu. Mama Felista alipata mbegu wiki tatu baadaye, na mvua zikakatika mahindi yake hayajakomaa. Niliona aibu, na mpaka leo naiona.

Nilirekebisha programu, lakini msimu wa Mama Felista ulikuwa umeshapita.

Basi sikia, wewe unayeandika programu leo. Kila sifa ya darasa lako ipe aina yake, na uilinde aina hiyo wakati wa kuandikisha na kila inapobadilishwa baadaye. Kisicho namba kikataliwe papo hapo, na karani aelezwe kwa nini, mkulima akiwa bado amesimama mbele yake. Usiseme watu wataelewa. Mimi ndivyo nilivyosema.

Mungu aibariki mikono yako, mwanangu, na asiwepo mama atakayekosa kupanda kwa sababu yako.