Bangili Nilizoazima kwa Akina Mama

"Wewe uliyekuwa ukipoteza mbuzi wa baba yako, leo utafundisha watoto wa watu kukereza chuma?" Hivyo ndivyo walivyonicheka kijijini kwetu Busi niliporudi kutoka pwani na cheti cha ufundi, enzi za Mjerumani. Cheti changu kilikuwa na mhuri. Wao hawakuwa hata na cheti.

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya reli, Dodoma, nilikabidhiwa vijana wachache wa kwetu waliomaliza shule. Fundi Mkuu, Mjerumani ambaye Kiswahili chake kilikuwa amri tupu, aliniambia: "Mwalimu, kikikatika kidole cha mtu, funga mzigo wako."

Kwanza niliwapa tupa. Walibana kipande cha chuma kwenye jiliwa, wakakisugua mpaka ukiweka rula juu yake mwanga haupiti. Wengine walilia. Asiyeijua tupa sikumruhusu kusogelea kerezo, mashine inayozungusha chuma kwa kasi huku kisu kikikinyoa.

Zamu ya kerezo ilipofika, niliwaambia wavue bangili; Salimu, aliyewapita wote kwa tupa, akagoma. Mkononi alikuwa na bangili ya shaba. Mama yake alimvisha siku ya kuondoka, akamwapisha asiivue. Wenzake nao walikuwa na zao. Kerezo likinasa bangili, linaondoka na mkono.

"Mwalimu, afadhali nirudi kuchunga," alisema.

Nikaenda Busi kwa miguu. Nilimkuta mama yake akitwanga.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Amekufa?"

"Mzima, mama. Nimekuja kuazima bangili."

"Nimempa mwanangu, si wewe."

"Niazime tu. Nitairudisha pamoja na mkono wake."

Mchi ukasimama. "Mkono huo nitaukagua mwenyewe."

Nikapita kwa akina mama wote, nikaazima vivyo hivyo. Niliporudi Dodoma vijana wakazivua, nikazifunga kwenye kitambaa.

Sasa nimestaafu, na reli imepitisha mabwana wengi. Mafundi niliowafunza mimi bado wanajulikana kwa kazi yao. Lakini siku ninayojivunia ni ile niliyowarudisha Busi, wote na vyeti. Mama yake Salimu alimgeuza kiganja, akapapasa kidole kimoja kimoja. Kisha akajaribu kumvisha bangili. Haikupita.

"Umeniletea mkono wa mtu mwingine!" akasema, akicheka huku machozi yakimtoka.

Salimu akatoa tupa yake, akaikata bangili, akaipanua, akalainisha ncha zake. Mama akamvisha. Wale walionicheka kwa mbuzi wa baba walikuwa wamesimama palepale, wakinyoosha shingo waone. Nikafunua tena kitambaa, nikamwita mama aliyefuata, mpaka kitambaa kikabaki kitupu.