Katoni ya Kwenda Mombasa

Nilianza kumtilia shaka mwenzangu wa chumbani siku aliyoishika simu yangu akaitazama picha ya mwanangu kwa muda mrefu kuliko inavyofaa. Ilikuwa picha ya sikukuu ya Idi. Mtoto kavaa gauni la kijani lililonunuliwa likiwa pana, na tayari lilikuwa linambana mikononi, mashavu yamejaa, kidevu kimezama shingoni. Kila mtu wa pwani niliyemwonyesha kazini alisema neno linalosemwa, mashaallah, kanawiri, akanirudishia simu yangu. Huyu hakulitamka. Kisha akauliza, "Anakunywa maji sana?"

Nikamnyang'anya simu. Swali gani hilo la kumuulizia mtoto wa watu?

Tulikuwa tunakaa wawili chumba kimoja, mtaa wa International City, huku Uarabuni, katika nyumba ya kugawana. Mimi nafua na kupiga pasi mashuka ya hoteli moja kule Marina. Yeye alikuwa mlinzi kwenye mnara wa jirani, kazi yake kukagua mikoba ya wanawake mlangoni. Alisema anatoka visiwani. Mimi nikisikia visiwani nasikia harufu ya karafuu, kumbe vyake viko Pasifiki, na aliponionyesha kwenye ramani ya simu sikuona ila maji matupu. Mwanamke mkubwa, wa kujaza mlango, ndiyo maana kitanda cha chini kilikuwa chake. Lakini tangu nimjue hakunywa ila maji ya moto na ndimu. Hilo nalo nililitilia shaka. Mwili ule haukujengwa kwa ndimu.

Nikampigia mama, ambaye ndiye anayenilelea binti yangu kule Kisauni, Mombasa.

"Si nilikukanya?" akaniambia. "Wamwanika mtoto kwa watu usiowajua, wala hata mashaallah hawaijui. Ushamtia kijicho mwanao."

Jioni ile ile akamfukiza ubani na kumsomea. Mimi nikaweka namba ya siri kwenye simu.

Sasa nieleze habari ya katoni. Sisi tunaofanya kazi huku kila mmoja ana katoni yake pembeni ya kitanda, iko wazi, na hujazwa kidogo kidogo. Ukiona maziwa ya unga yameshushwa bei, unatia. Chokoleti, nyama ya kopo, biskuti, unatia. Ikijaa unaizungushia utepe wa gundi mpaka haionekani, unaipeleka kwa wakala wa mizigo Deira, nayo inapanda jahazi au meli, itakavyokuwa. Siku ikifika nyumbani majirani wote wanajua kwamba fulani bado anawakumbuka wake. Yangu, zaidi ya yote, ilikuwa na mikebe ya juisi ya unga, ile ya machungwa, kwa sababu binti yangu aliipenda kupita kiasi. Mama alikuwa akimkorogea asubuhi kabla ya shule na tena akirudi. Nimemwacha akiwa bado ananyonya. Sikumfundisha kutembea wala kusoma. Juisi ile ndiyo malezi niliyoweza kumpa, na sitaki mtu anicheke kwa hilo.

Basi mikebe ikaanza kupungua.

Mwanzo nilidhani nimesahau nilichonunua. Nikanunua mingine, nayo ikapungua. Nikamtazama mwenzangu, nikautazama mwili wake, nikasema moyoni, nimemjua. Ndimu mbele yangu, juisi ya mwanangu nikienda kazini! Nikachukua wanja nikaweka alama chini ya kila mkebe. Nikawa narudi nanusa vikombe. Nikamwangalia ulimi kama umegeuka rangi ya machungwa. Yeye alinisalimu vilevile, akanifungulia mlango nikirudi na mifuko, na kila upole wake ukanizidishia hasira.

Siku alipokwenda kanisani nililivuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda. Halikufungwa. Ndani, juu ya nguo zilizokunjwa, ilikuwemo mikebe yangu yote iliyopotea. Nikaipindua mmoja mmoja, na ile niliyoitia alama, wanja wangu ulikuwa pale pale. Hakuna hata mmoja uliofunguliwa.

Mwizi asiyekula alichoiba ndiye aliyenitisha zaidi. Nikafikiri anataka kuuza. Nikafikiri uchawi. Aliporudi alinikuta nimekaa sakafuni katikati ya mikebe, na wala hakushtuka. Alivua viatu, akaketi kitandani, kitanda kikalia.

"Nimeichukua," akasema. "Nilijua utaiona."

"Kwa nini?"

Akaniambia kwamba kwao pia kuna katoni. Jamaa walio nje hutuma, na siku ikifika ukoo mzima hukusanyika: nyama ya kopo, biskuti, sukari, vinywaji vya unga. Samaki waliovuliwa huuzwa, watu wenyewe wanakula vya kopo, kwa kuwa cha kopo ni cha mtu aliyekukumbuka. Alisema kwao wakubwa karibu wote ni wanene, mtu mwembamba ndiye anayeulizwa ana ugonjwa gani, na sasa watoto nao wanafuata, unawaona wanatoka shule wanahema. Kaka yake alikatwa mguu kwa sababu ya sukari. Watu wakalia, wakapika, wakala.

"Halafu binti yangu," akasema. "Mimi nilikuwa hapa hapa, nikimtumia katoni. Akawa anakunywa maji usiku kucha, analala darasani. Mama yangu alisema ni joto. Hakuna aliyeniuliza kama anakunywa maji sana."

"Yuko hai?"

"Yuko. Anajidunga sindano mwenyewe, kila siku."

"Na wewe ulishindwa nini kuniambia, badala ya kuniibia?"

"Nilikuuliza. Ukaifunga simu."

Sikumwomba radhi, wala sikumwamini. Hadithi nzuri kama ile, nilijiambia, mtu huitunga njiani akitoka kanisani. Nikairudisha mikebe yangu kwenye katoni mbele ya macho yake. Lakini swali lile lilikuwa limeniingia, na nilipompigia mama nilijikuta namuuliza.

"Mama, huyo mtoto anakunywa maji sana?"

Nilimsikia mama akimtoa mtoto chumbani. Mama yangu, ambaye hamalizi kumeza mate kabla ya kusema, akashusha sauti.

"Kwani ni nani aliyekwambia?"

Nikamshika kwa maneno mpaka akatoa yote: mtoto huamka kunywa maji, huamka kukojoa, mwalimu kalalamika kwamba anasinzia. Hakutaka kunipa wasiwasi na mimi niko mbali. Joto tu, alisema. Nikamwambia kesho, si kesho kutwa, ampeleke hospitali. Daktari alikuta sukari imepanda. Alisema haijafikia ya sindano, na huenda isifikie, lakini vitamu vikome nyumbani, khalas, kuanzia siku ile.

Mikebe niliitoa tena kwenye katoni. Nilitia viatu vya michezo, kamba ya kuruka, gauni la saizi kubwa zaidi, sare mpya ya shule. Mwenzangu alinisaidia kuvuta utepe ule wa gundi. Mpaka leo mkoba wangu naufunga kwa kufuli, ndivyo nilivyo, lakini siku ile nilimwacha abebe upande mmoja wa katoni mpaka kwenye basi.

Mzigo ulipofika, mama alinipigia kwa video. Binti yangu alikuwa amekaa sakafuni na katoni tupu mbele yake. Alikwisha kutoa kila kitu, na mkono wake bado ulikuwa ndani, unapapasa pembeni, pale mikebe ilipokuwa ikikaa siku zote.

"Umeviona viatu, mamangu?"

"Nimeviona."

"Hukuvipenda?"

Alitazama ndani ya katoni tena, kisha akaniangalia kwa yale macho ninayoyajua kuwa ni yangu, ya kutomwamini mtu.

"Mama," akasema, "nimekukosea nini?"