Herufi B Mahali pa P

Mwaka ule nilikuwa sekretere wa shule ya sekondari pale Pinga, na kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika orodha ya wanafunzi na kuifuta. Wiki hii familia kumi zinakimbia vita, wiki ijayo nane zinarudi na nyingine zinaingia kutoka Kibua, nami nafuta, naandika, nafuta tena mpaka karatasi inatoboka. Nilikuwa na miaka ishirini na minne. Nilitoka kwenye milima ya Masisi, kwa watu wa kulima viazi, na pale shuleni ni mimi peke yangu niliyejua kuandika kwa ordinatere, yaani kompyuta, bila kutazama vidole. Jambo hilo lilinipa kichwa kikubwa kuliko inavyofaa.

Asubuhi moja prefe, mkuu wetu wa shule, aliingia ofisini huku anakimbia. Sikuwa nimewahi kumwona akikimbia, isipokuwa siku ambazo sote tulikuwa tunakimbia. Alikuwa amesikia kutoka kwa mwenzake wa Goma kwamba kuna maktaba ya bure kwenye intaneti, imejaa masomo ya biolojia na kemia, pamoja na picha zake. Vitabu vyetu vilikuwa vimeishia kuwashia mioto ya askari wa kila kundi, kwa hiyo neno "picha" peke yake lilinifanya nisimame. Lakini maktaba hiyo ilikuwa na sharti: inafunguliwa kwa shule yenye anwani yake yenyewe ya mtandao, ile inayoishia na alama ya elimu.

"Andika barua," prefe akasema. "Tunaomba jina leo."

Intaneti ya Pinga ilikuwa moja tu, kwenye duka la mfanyabiashara mmoja kutoka Butembo, Mkatoliki mwenye tumbo la furaha, aliyeuza betri, chumvi na misumari, na aliyekuwa na sahani kubwa ya antena juu ya bati. Alitukaribisha nyuma ya magunia ya chumvi. Ukurasa wa masharti ulichukua muda mrefu kufunguka, na ulipofunguka nikawasomea kwa sauti, nikitafsiri kutoka Kifaransa.

"Papa Prefe, ya nini kujisumbua?" mfanyabiashara akanikatiza. "Tuandikishe kwa jina ya duka yangu. Mi niko na karatasi zote."

Nikasoma sharti lililofuata. Jina la elimu halipewi mfanyabiashara wala mtu binafsi. Linapewa shule inayotambuliwa na serikali, yenye arete, yaani karatasi ya waziri inayosema shule hii ipo. Barua itiwe sahihi na mkuu, igongwe kashe, yaani muhuri wa shule, na anayefuatilia awe mfanyakazi wa shule hiyohiyo. Na jina la mtandao lifanane na jina lililo ndani ya arete, ama kifupi chake.

"Sasa mi niko muntu binafsi!" mfanyabiashara akasema, mkono kifuani, kama mtu aliyetukanwa. Kisha akaanza kucheka, tumbo likatikisa meza, na ordinatere ikazimika. Tukaanza upya.

Barua ikaenda. Baada ya siku nne likaja jibu kutoka ofisi ya majina kule Kinshasa, la heshima na fupi: tuambatanishe arete. Prefe akalisoma mara mbili, akavua miwani, akaifuta kwa tai. Arete haikuwepo. Sanduku la hati lilipotea mara ya kwanza shule ilipohama kwa muda kukwepa vita, kabla yangu na kabla yake. Kitu pekee kilichojulikana ni kwamba sekretere wa zamani, mama mmoja aliyekuwa amestaafu, alikimbilia Buleusa akiwa na mzigo kichwani, na watu waliomwona walisema mzigo ule haukuwa na umbo la sufuria.

Mfanyabiashara alikuwa na pikipiki na chumvi ya kupeleka Buleusa. "Panda," akaniambia. "Kama siwezi kuandikisha, nitabeba mwenye kuandikisha."

Njia ilikuwa matope matupu. Tulianguka mara tatu, na mara zote yeye aliuliza kwanza hali ya chumvi, halafu yangu. Kwenye kizuizi watu wenye bunduki walituuliza tunakwenda kutafuta nini. Nikasema ukweli: arete. Wakatazamana.

"Inalikaka?" mmoja akauliza, yaani kama ni kitu cha kuliwa.

"Hapana, kaka. Ni karatasi."

Wakatuacha tupite, nadhani kwa huruma. Mfanyabiashara alicheka kilomita nzima, akirudia "inalikaka?" kila tulipoingia kwenye dimbwi, na mimi niliyekuwa nimetetemeka pale kizuizini nikajikuta nacheka kuliko yeye, nimeshika koti lake kwa mikono miwili.

Mama sekretere tulimkuta anachambua maharagwe mbele ya nyumba. Alikuwa mdogo wa mwili, mnyoofu, na alinitazama kuanzia viatu. Nikamsalimu, nikaeleza haja yetu yote, shule, maktaba, jina, Kinshasa. Akasikiliza hadi mwisho.

"Na weye uko nani?"

"Mi njo sekretere wa masomo sasa, Mama."

"Nani anasema?"

Nikapapasa mifuko yangu. Sikuwa na kitambulisho cha shule. Hakuna aliyekuwa nacho.

"Sitoe karatasi ya masomo kwa muntu haiko wa masomo," akasema. "Iko barua? Iko kashe?"

Mfanyabiashara akataka kunitetea. Mama akamgeukia. "Na weye, Papa, uko mwalimu?"

"Hapana, Mama. Miko wa chumvi."

"Basi kaa kule."

Akakaa kule. Nami nikahisi kicheko kinanipanda kooni, kwa sababu Kinshasa, pamoja na waziri wake, walikuwa wameniuliza machache kuliko mama huyu. Akaanza kunihoji. Kengele ya shule ni nini? Rimu ya gurudumu la lori, nikasema. Inapigwa na nini? Na fimbo ya chuma. Darasa la pili linavuja wapi? Juu ya ubao, Mama, upande wa kushoto, na mwalimu anaandika upande wa kulia tu.

"Bado inavuja?" Uso wake ukalegea. "Yesu wangu. Tangu mi niko kijana."

Akaingia ndani, akarudi na mto wa kulalia. Akaufumua mshono kwa kisu cha maharagwe, akatoa pamba, akatoa plastiki, na ndani ya plastiki ilikuwemo arete yetu, imenyooka, safi, na kashe yake ya rangi ya zambarau. Mama huyu alikuwa ameilalia miaka yote ile ya vita.

Nikaisoma kwa sauti, kwa furaha, mpaka nilipofika kwenye jina la shule. Jina letu linaishia na jina la kijiji. Kwenye arete kijiji hicho kiliitwa Binga.

"Mama, hapa iko B."

"Njo vile," akasema bila wasiwasi. "Mashini yetu ya kuandika ilivunjika P. Barua ya kuomba, mi njo niliandika. Nikaweka B. Nikasema, watu wa Kinshasa batajua, B ni P iko na tumbo."

Mfanyabiashara, kule alikokaa, alijishika tumbo lake mwenyewe akaanguka ubavuni kwenye nyasi. Waziri aliamini barua, akatia sahihi, na tangu siku ile shule yetu kisheria ilikuwa Binga, mji ulio upande mwingine kabisa wa nchi. Nilicheka hadi machozi yakadondokea plastiki, na Mama akaninyang'anya karatasi isilowe.

Hakukubali arete isafiri bila yeye. Tukarudi watatu juu ya pikipiki, mfanyabiashara mbele, mimi katikati, Mama nyuma na kuku mmoja kwapani wa kumsalimia prefe.

Prefe alipoiona ile B, alikaa chini. Alikuwa mtu wa kusahihisha. Alisahihisha hata matangazo ya mazishi. Akasema tuombe kwanza arete mpya, na sote tulijua hiyo ingechukua muda gani, na njia zikiwa vile. Mama akasimama mbele yake na kuku wake.

"Prefe, batoto bako wa Pinga ao bako wa arete?"

"Wa Pinga, Mama."

"Basi. Jina ikae Binga, batoto bakae Pinga. Kashe iko wapi?"

Prefe akacheka kwa pua, akalegeza tai, akagonga kashe kwenye barua mpya kwa nguvu hata wino ukaruka. Nikatuma picha ya arete alasiri ileile, na nikaomba jina kamili, pamoja na B yake, kama sharti lilivyotaka.

Walikubali wiki iliyofuata. Nilisoma jibu dukani, nikalisoma tena kwa sababu sikujiamini, halafu nikatoka nje nikipiga kelele barabarani bila kiatu kimoja. Prefe alinikumbatia, jambo ambalo maprefe hawafanyi. Mfanyabiashara alitangaza kwa wateja wote kwamba yeye si mtu binafsi tena, ni mtu wa elimu, na hakuna aliyemwelewa.

Jumamosi tulifungua maktaba kwa mara ya kwanza. Darasa zima la tano lilijazana kati ya magunia, wengine madirishani, na Mama amepewa kiti. Nilibonyeza picha ya kwanza niliyoiona: moyo wa mwanadamu. Ukaanza kushuka kutoka juu, mstari kwa mstari, polepole kama pazia. Mshipa mkubwa ulipotokea, wanafunzi walipiga makofi. Chumba cha juu cha kulia, makofi. Kila mstari mwekundu ulipoongezeka, duka lililia kama kiwanja cha mpira, na mwalimu wa biolojia alitaja sehemu kwa sauti inayokatikakatika. Tulikuwa tumefika chumba cha chini cha kushoto jenereta ilipozima.

"Ngojeni!" mfanyabiashara akapiga kelele, tayari amebeba mtungi wa mafuta. "Muntu asitoke! Tumalize huu moyo!"

Hakuna aliyetoka.